Miguu Inauma, Moyo Unapimwa

Siku ya Jumatano, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano, fundi rangi aliyejulikana kwa jina la Msasa aliamka saa kumi alfajiri. Kuanzia saa kumi na robo mpaka saa kumi na moja na nusu alikuwa uani, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akisafisha miguu yake. Saa kumi na mbili alioga. Saa kumi na mbili na nusu alitoka nyumbani bila kunywa chai, na ilipotimu saa mbili kasoro dakika kumi alikuwa tayari kwenye benchi la kliniki ya mishipa ya fahamu, wa kwanza katika foleni, akinuka tapentaini.

Jina la Msasa alipewa na wenzake kazini. Hakukubali ukuta wowote upakwe rangi kabla haujasuguliwa msasa, na akimkuta mtu ameanza kupaka juu ya vumbi, alimpokonya brashi bila kusema neno, akasugua mwenyewe, kisha akamrudishia. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Ugonjwa wa sukari alikuwa ameuzoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mkorofi. Asichoweza kukizoea ni nyayo zake, ambazo kwa miaka miwili zilikuwa zikiwaka moto. Akiulizwa maumivu yenyewe yakoje, jibu lake halikuwa moja. Leo angesema ni kama amekanyaga bati lililoshinda juani. Kesho angesema siafu wamehamia kwenye vidole. Shuka likimgusa kidole gumba aliurusha mguu kama aliyeguswa na nyoka.

Jambo lililomchanganya zaidi ni lile la msumari. Siku moja alirudi kutoka kazini, akavua ndala, akaingia sebuleni, na mkewe akapiga ukelele. Sakafuni palikuwa na alama za damu kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Msumari ulikuwa umepenya ndala na kuingia kisiginoni, naye alikuwa ametembea nao njia nzima bila kuhisi chochote. Mguu uliolalamikia shuka ulikuwa umenyamazia msumari. Msasa aliugeuza huo mguu chini ya taa, akautazama kwa muda mrefu, na asielewe unamtaka nini.

Hata hivyo si msumari uliompeleka kliniki, bali ngazi. Wiki mbili kabla, akiwa anapaka ukuta wa duka, aliinama juu ya ngazi ili achovye rola, na alipoinuka dunia yote ikawa nyeupe. Aliporudiwa na fahamu alijikuta ameikumbatia ngazi kwa kiwiko kimoja. Chini yake, shemeji yake aliyekuwa ameishika ngazi hiyo alikuwa amelowa rangi ya maziwa kuanzia utosini hadi kitovuni.

"Shemeji," alisema yule mtu wa chini, akitema rangi, "kama ulikuwa na nia ya kunipaka, si ungenisugua msasa kwanza?"

Walikubaliana wasimwambie mtu. Lakini shemeji huyo alikuwa mdogo wake mke wa Msasa, na rangi ya mafuta haitoki masikioni kwa siku moja. Mke aliyaangalia masikio ya mdogo wake wakati wa chakula, akauliza swali moja tu, na kabla sahani hazijaondolewa alikuwa anajua kila kitu.

"Hupandi ngazi tena mpaka upimwe," alimwambia mumewe.

"Mama watoto, ilikuwa njaa tu. Njaa na harufu ya rangi."

"Harufu ya rangi umeanza kuinusa jana?"

Tatizo ni kwamba Jumatatu iliyofuata baada ya vipimo ilikuwa siku ya kuanza kazi ya jengo la ghorofa nne, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kukabidhiwa kama fundi mkuu. Alikuwa ametoa ahadi kwamba ukuta wa juu kabisa, wenye nakshi chini ya paa, ataupaka kwa mkono wake mwenyewe. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa ya juu. Chini alishuka kula na kulala. Kwa hiyo alikwenda kliniki na haja moja tu, nayo ni kuambiwa kwamba anaweza kupanda.

Alipopewa siku ya vipimo alikuwa ameelezwa masharti: asinywe chai wala kahawa, asivute sigara, na asijipake kitu chochote mikononi wala miguuni. Aliyatimiza yote kama alivyoyaelewa. Lakini miguu yake ilikuwa na rangi ya kila jengo alilopata kulipaka. Buluu kwenye kucha, kijani kwenye nyufa za kisigino, kahawia katikati ya vidole. Hakuwa tayari kuiweka miguu ya namna hiyo mbele ya watu waliosoma. Akaifuta kwa tapentaini na kitambaa, akaisugua kwa brashi ya waya laini, akafanya vivyo hivyo mikononi, akanawa kwa sabuni. Na kwa kuwa tapentaini huiacha ngozi nyeupe kama chokaa, alimalizia na mafuta ya mgando. Kwa watu wa rangi, huko si kujipaka. Ni mwisho wa kunawa, kama vile kusuuza ni mwisho wa kufua.

Mpimaji alikuwa binti mwenye maneno machache, aliyekunja mikono ya koti lake jeupe kwa kipimo kilekile kushoto na kulia.

"Karibu, mzee. Hujanywa chai?"

"Chai? Hata maji nimeyaogopa."

"Maji yanaruhusiwa."

"Sasa si mngesema, mwanangu! Ulimi umenikauka kama brashi ya juzi."

Alimletea maji, akasubiri ayamalize. Kisha akamweleza kwamba leo watapima mishipa ya fahamu inayojiendesha yenyewe, ile isiyongoja amri ya mtu: inayopandisha na kushusha presha, inayouongoza moyo, inayotoa jasho.

"Binti yangu," alisema Msasa kwa upole, bila kuitaja ngazi, kama anayemrekebisha mtu aliyekosea mlango, "mimi inaniuma miguu."

"Najua, mzee."

"Moyo hauna neno. Jasho ninalo la kutosha, uliza shati langu."

"Ndiyo maana tunapima."

Msasa hakuona hiyo maana iko wapi. Mpimaji alivuta kiti, akajaribu tena. Mishipa inayoleta maumivu ya kuungua, alisema, ni ile myembamba sana. Maumivu hayana mashine ya kuyapima. Mtu akisema inauma, inauma. Lakini jasho la nyayo nalo huongozwa na mishipa myembamba kama hiyo, na jasho linapimika. Wakati mwingine ugonjwa ulioanzia huko chini huwa umeifikia pia mishipa ya moyo na ya presha, na mwenyewe asijue. Msasa aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Alichoelewa ni kwamba miguu inauma, na kwa hiyo moyo unapimwa, na kati ya mambo hayo mawili pana njia ambayo yeye haijui.

Aliwekwa mbele ya mashine yenye vibao vinne vya chuma, viwili vya mikono na viwili vya miguu. Aliambiwa akanyage, aweke viganja, asisogee. Alisubiri achomwe au atikiswe. Hakuhisi kitu. Mpimaji alitazama kioo cha mashine, akakunja uso. Akafuta vibao, akarudia. Akakunja uso zaidi.

"Mzee, mikono inakuuma?"

"Hapana."

"Ganzi? Kuungua?"

"Mikono hii inapiga mstari mnyoofu bila rula. Kwani inasemaje?"

Mpimaji alizisoma namba upya. Kwa hesabu ya mashine, viganja vya mtu huyu vilikuwa na hali mbaya kuliko nyayo zake. Alichungulia nyaya nyuma ya mashine, akaweka mkono wake mwenyewe juu ya kibao, na namba zikaja kama kawaida. Msasa aliona kwamba mpimaji naye amechanganyikiwa. Alikuwa amekuja na mashaka yake akitarajia kukuta mahali ambapo mashaka huisha.

Hatimaye binti aliinama juu ya kibao, akanusa.

"Mzee, umejipaka nini?"

"Sijajipaka kitu."

"Mafuta?"

"Aa, hayo ni ya kunawia."

"Mafuta ya kunawia ndiyo yapi?"

Msasa alieleza kila hatua kwa utaratibu: tapentaini, kitambaa, brashi, sabuni, mafuta. Alieleza kwa fahari kidogo, kwa kuwa kazi ilikuwa imefanywa vizuri. Mpimaji alishika paji la uso.

"Lakini uliambiwa usijipake."

"Nami sikujipaka. Nilimaliza kunawa."

Walitazamana, kila mmoja akiwa na hakika kwamba amesema jambo lililo wazi. Binti ndiye aliyetangulia kuangalia pembeni, midomo ikimcheza. Kisha akakaza uso tena, akamwambia kwamba jasho halipiti kwenye mafuta ya mgando, kwa hiyo kipimo cha vibao kimeharibika na itabidi kirudiwe Ijumaa, miguu ikiwa ya maji na sabuni tu. Na tapentaini asiiguse tena. Mguu usiosikia msumari, alisema akiligusa faili lake, hautamwambia ngozi inapoungua.

"Nije na rangi kwenye kucha?"

"Njoo na rangi zote."

Vipimo vingine viliendelea. Alibandikwa vibandiko vyenye nyaya kifuani, akaambiwa avute pumzi ndefu na kuitoa kwa kufuata mwanga uliopanda na kushuka kwenye kioo. Alipuliza mrija mpaka mashavu yakamuuma. Alilala kitandani, mkanda wa presha ukiwa mkononi, kimya, na alikuwa karibu kusinzia alipoambiwa asimame. Akasimama. Mkanda ulijaa, ukapumua, ukajaa tena.

"Unahisi kizunguzungu?"

"Hapana."

"Macho je?"

"Nakuona mpaka kibanio cha nywele."

"Presha yako imeshuka sana uliposimama, mzee."

"Imeshuka ikaenda wapi?"

"Imeshuka tu."

"Nisingehisi?"

"Wengine hawahisi." Alimsaidia kuketi. "Mpaka Ijumaa, tafadhali usipande popote."

Nyumbani walikuwa wanamsubiri, mkewe na shemeji.

"Wamesemaje?" aliuliza mke.

Msasa alifikiri. "Wamesema mikono ni mibovu kuliko miguu. Halafu wakasema hapana, ni mafuta. Halafu presha imeshuka, ila mimi sikuwepo."

"Hukuwepo vipi?"

"Yaani nilikuwepo, ila sikuisikia ikishuka."

Shemeji alipiga paja kwa furaha. "Basi umepona! Mashine iliyodanganywa na mafuta ya mgando, presha itaijulia wapi? Jumatatu tunapanda."

"Na wewe ulidanganywa na nini," mke alimgeukia, "mpaka ukapakwa rangi kama nguzo? Huyu ni mdogo wangu wa damu, lakini akili alimwachia mama tumboni."

Ingawa Msasa alicheka pamoja nao, neno la shemeji lilimkaa. Lilikuwa na uzito. Ikiwa kibao kilisema uongo kuhusu mikono yake, kwa nini mkanda usiseme uongo kuhusu presha yake? Hata kwenye ukuta, ukiona sehemu moja imekosewa, unalazimika kuzitilia shaka sehemu nyingine zote. Siku ya Alhamisi jioni alichukua kigoda, akakiweka uani, akapanda. Akashuka. Akachuchumaa, akainuka. Akapanda tena. Hakuna kilichotokea. Dunia ilibaki na rangi zake.

Mkewe alitokea mlangoni. "Unafanya nini, baba watoto?"

"Najipima."

"Na majibu?"

"Mzima kabisa."

"Kapima nani?"

"Mimi."

"Basi umepimwa na mgonjwa," alisema mke, akakichukua kigoda, akaingia nacho ndani.

Ijumaa Msasa aliweka juu ya vibao miguu yenye buluu, kijani na kahawia. Mpimaji hakuitazama mara mbili. Namba zilipotoka, alishusha pumzi: mikono ilikuwa sawa kama ya mtu mzima yeyote, na miguu ilikuwa karibu kimya.

"Nyayo zako hazitoi jasho, mzee. Kidogo mno."

Msasa alikumbuka kwamba kwa muda sasa ndala zake zilikuwa kavu jioni kama alivyozivaa asubuhi. Alikuwa amelichukulia jambo hilo kuwa usafi. Lakini hakuwa amekuja kwa ajili ya jasho.

"Kile cha kitanda," alisema. "Nirudie. Na safari hii nigeuzie kioo nione mwenyewe."

Hilo halikuwa kawaida. Mpimaji alisita, kisha akakigeuza kioo. Msasa alilala, akatulia, akaisoma namba ya juu, mia moja arobaini na mbili. Aliposimama alijisikiliza kwa makini yote aliyokuwa nayo, kama anavyosikiliza ngazi kabla ya kuiwekea uzito. Kichwa kilikuwa chepesi na safi. Macho yalikuwa yanaona. Mkanda ulijaa, ukapumua, na kioo kikaandika mia moja kumi na moja.

"Unajisikiaje?" aliuliza mpimaji.

"Vizuri."

Mkanda ulijaa tena. Mia moja na tatu.

"Na sasa?"

"Vizuri, mwanangu. Vizuri kabisa." Aliviangalia viganja vyake. "Leo hakuna mafuta?"

"Leo hakuna mafuta. Kaa, mzee."

Aliketi. Daktari wa mishipa alikuja kusoma majibu, akambadilishia kidonge kimoja cha maumivu, kile alichosema kinachangia kuishusha presha. Akamfundisha kuinuka kwa awamu: kukaa kwanza, kungoja, ndipo asimame. Msasa alimuuliza kuhusu ngazi. Daktari alisema kwa sasa hapana, ngazi hapana na jukwaa la ujenzi hapana. Msasa aliuliza mpaka lini. Daktari alisema hajui; alisema pia kwamba hawezi kumfunga kamba mtu aliye kazini kwake.

Hilo la kamba ndilo alilotoka nalo. Mwishoni mwa juma mkewe aliosha tu ovaroli ya kazi, akaianika, na asimwambie aivae wala aiache.

Jumatatu asubuhi jukwaa lilikuwa limesimama mbele ya jengo, mabomba na mbao kutoka chini hadi paani. Shemeji alikuwa amekagua vifungo vyote. Mafundi wengine walikuwa wamesimama na ndoo zao, wakingoja mkuu apande wa kwanza, kama ilivyokuwa desturi ya kazi. Msasa alishika bomba. Aliweka mguu kwenye ubao wa kwanza, akajivuta, akasimama juu yake, kimo cha kiuno cha mtu. Hapo akajiuliza lile swali la mpimaji. Unajisikiaje?

Jibu lilikuja mara moja, bila mashaka yoyote: vizuri.

Alibaki palepale. Nyayo zilikuwa zinawaka juu ya ubao wa baridi uliokuwa bado na umande. Mwili huu uliokuwa unampigia kelele za moto pasipokuwa na moto ndio huohuo uliomwambia kwamba kila kitu ni vizuri, huku namba za kioo zikishuka mbele ya macho yake. Hakuelewa ni kwa nini. Alikuwa amemsikiliza binti na daktari kwa heshima zote, na bado hakuelewa jinsi kitu kilekile kinavyoweza kusema sana na kunyamaza sana. Alijua tu kwamba shahidi wake pekee wa kumwambia apande alikuwa ni huyu, naye ameshamkamata kwa uongo wa pande zote mbili.

Akashuka, polepole, mguu mmoja kisha mwingine.

"Vipi, shemeji? Kizunguzungu?"

"Hapana. Sina kitu."

"Sasa mbona unashuka?"

"Kwa sababu sina kitu."

Shemeji alimtazama, akayatazama mabomba, akamtazama tena. "Hapo umenipoteza."

"Hata mimi nimepotea," alisema Msasa. Akampa rola yake ya mpini mrefu, ile ambayo hakuwahi kumpa mtu. "Nakshi ile uanze kushoto. Usichovye mpaka juu, chovya nusu. Na vumbi kwanza."

"Mimi? Paani? Shemeji, mimi nikisimama juu ya kitanda tu magoti yananicheza."

"Vizuri. Magoti yako yanasema kweli. Panda."

Mafundi waliangua kicheko. Shemeji alipanda huku akilalamika ghorofa baada ya ghorofa, na malalamiko yake yalisikika hadi chini. Msasa alisimama mahali ambapo angeweza kuuona ukuta wote kwa mara moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kwa muda hakujua mikono yake aiweke wapi. Kisha akachukua kipande cha msasa, akaanza na ukuta wa ghorofa ya chini.

Mwaka mmoja baadaye, mwezi huohuo wa tano, alipimwa tena katika chumba kilekile. Presha ilishuka aliposimama, ingawa si kwa kiasi cha mwanzo, na nyayo zilikuwa bado zinawaka. Hakuuliza kuhusu ngazi. Aliuliza kwa nini kidole gumba cha kushoto huuma zaidi ya cha kulia, na mpimaji akamjibu kwamba hajui.